Jua Liwe Mgongoni

Itigi,
2 Februari 1994

Dada Scola,

Shikamoo. Huku sote wazima, isipokuwa mimi na jino langu lile la siku zote. Sijui ninyi, na shemeji na kifua chake, na Hana mdogo.

Timu yetu ya netiboli inatafuta wanafunzi wanne: mameneja wawili wa kutunza mipira, kubeba maji na kuandika magoli, na wasaidizi wawili wa video. Ndiyo, video. Bwana Kanti, mwenye duka pale Utemini, Singida mjini, ameleta kamera. Tangu biashara iwe huria hakuna asicholeta. Huipigia picha za harusi, na sasa ametuazima ili wasichana wajione wanavyokosea.

Nilibandika tangazo. Kwa video walijiandikisha arobaini, kwa kubeba maji hakuna hata mmoja. Nikawapima: kila mtu ashike tofali usawa wa jicho bila kutikisika hadi nihesabu mia tatu. Aliyeongoza ni Damari wako.

Naomba ruhusa yako, maana Jumamosi atakuwa anabaki uwanjani. Ni kazi ya kusimama tu, jua likiwa mgongoni ili picha isiwe nyeusi. Hatavunjika hata ukucha.

Mdogo wako,
Obadia


Issuna,
19 Februari 1994

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako anakohoa lakini analima, kwa hiyo ni mzima. Mtama umefika magotini. Hana anasema umletee tofali na yeye ajaribu.

Nimekubali. Wewe ni mjomba wake, nikikunyima wewe nitampa nani? Ila kamera hiyo ni kitu cha watu. Nimemwandikia Damari kwamba akitunze, na lolote mjomba atakalosema alitende bila kuuliza mara mbili. Unamjua, kichwa chake kigumu kama cha baba yake. Mkazie.

Dada yako,
Scola


Issuna,
9 Mei 1994

Mdogo wangu,

Tumeamka. Kuhusu hali yetu siwezi kukuambia zaidi ya hapo.

Tangu mlipomleta Damari kwenye lori la shule sijakuandikia, nawe hujaniandikia. Pale msibani ulisimama ukasema mvua ilipoanza wote walikimbilia darasani, halafu yeye akairudia kamera uwanjani ingawa ulimkataza, ndipo radi ikampiga. Mzee Marko akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na watu wakaitikia. Na mimi mama yake nilisema pale kaburini: mwanangu, ukaidi wako huo. Neno hilo linanirudia kila ninapoinama kuchota maji.

Sina picha yake ila ile ya darasa la saba, ambamo kichwa cha mwenzake kimemziba. Naomba mkanda wa siku ile. Nataka kumwona.

Dada yako,
Scola


Itigi,
20 Juni 1994

Dada,

Shikamoo. Pole bado, wewe na shemeji. Mungu awape nguvu.

Mkanda ulilowa. Nimempa Bwana Kanti ajaribu kuukausha. Isitoshe, anayepiga picha haonekani kwenye picha, kwa hiyo usitegemee sana.

Mkuu wa shule amenitaka nitafute msaidizi mpya wa video, maana mashindano yanakaribia. Tangazo lina wiki tatu ukutani na halina jina hata moja. Wanafunzi wanasema kamera ina mtu. Nawaambia waache upuuzi wakasome. Lakini imo kabatini ofisini kwangu, dada, na siwezi kukaa nikilitazama kabati hilo, wala siwezi kuligeuzia mgongo.

Mdogo wako,
Obadia


Issuna,
30 Julai 1994

Obadia,

Nimepanda basi hadi Singida. Bwana Kanti hakuwepo, ila mkewe Ramila alinikaribisha chai. Anasema mkanda haukulowa, kwa kuwa kamera ilikutwa imefunikwa sweta. Anasema unao wewe tangu Aprili.

Sweta hilo nililifuma mimi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza ni kitu gani kimo humo hata mdogo wangu anidanganye. Ulete.

Dada yako,
Scola


Itigi,
8 Septemba 1994

Dada,

Shikamoo. Mkanda anao mwalimu mwenzangu Martina, atauacha kwa mama Ramila, maana kwako hakuna umeme.

Jana alikuja msichana wa kidato cha pili, Rahel, kujiandikisha kwa video. Wa kwanza tangu Machi. Nikampa tofali, akafika mia tatu. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, mvua ikinyesha, kamera niiache au niirudie?" Nililia mbele ya mtoto wa watu.

Sikumkataza Damari. Alikuwa ameshafika mlangoni mwa darasa na wenzake. Kamera ilibaki juu ya dawati tulilolitoa nje, inaendelea kuchukua. Ni mimi niliyeita: Damari, kamera! Rudi uifunike! Niliogopa kitu cha watu. Radi ilimpiga akiwa ameshaifunika, na kamera haikupata hata mkwaruzo. Sauti yangu imo. Naisikia kila nikipuliza filimbi.

Msibani nilifungua kinywa niseme kweli, ikatoka ile nyingine. Nina aibu hadi kuandika.

Rahel nimemrudisha darasani, na tangazo nimelibandua.

Mdogo wako,
Obadia


Issuna,
3 Oktoba 1994

Obadia,

Shikamoo yako nimeiona.

Ramila aliniwekea mkanda, akafunga mlango akaniacha. Mchezo mzima mwanangu haonekani, hapo ulisema kweli. Ila kwa kuwa jua liko mgongoni mwake, kivuli chake kimelala mchangani mbele ya wachezaji. Nilimjua kwa anavyosimama, uzito wote mguu mmoja. Kikawa kinarefuka hadi karibu na goli. Halafu wingu, kikafutika. Wote wakakimbia, uwanja ukabaki unanyeshewa peke yake. Ndipo ukaita.

Na ndipo nilipouona uso wake. Anakuja mbio moja kwa moja kwangu, amelowa, anavua sweta, anacheka. Anacheka kwa sababu mjomba wake amemwita. Halafu giza.

Nilimwomba Ramila aurudishe nyuma mara nne. Kila ukiita namwambia, usirudi mwanangu. Mara zote nne amerudi.

Mimi ndiye niliyemwandikia asikuulize mara mbili. Hilo nitalibeba mwenyewe. Lakini mwanangu alisikia la mkuu, na chini ya udongo amelala na jina la mkaidi.

Jumamosi tarehe 22 tunaweka msalaba. Utakuja. Mzee Marko atakuwepo, na wote walioitikia. Utasimama pale pale uliposimama Machi, na utasema ulichoniandikia, kwa sauti ile ile uliyomwitia.

Ukishamaliza kusema, nitaiitikia shikamoo yako.

Dada yako,
Scola