Nimekubali Vyuo Viwili vya Meno, na Rafiki Yangu Anangoja Nafasi Moja

Barua hii ilinifikia Jumatatu, na mwandishi wake alitakiwa kutoa jibu mwisho Ijumaa ya wiki ile ile. Gazeti letu hutoka Jumamosi. Kwa kuwa aliandika anwani yake nyuma ya bahasha, nilimtuma mtu ampelekee jibu siku hiyo hiyo. Sasa, kwa ruhusa yake, naichapa barua yake, jibu langu, na aliyoyafanya baadaye. Majina nimeyabadilisha.

*

Bi Shemsa, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini, nakaa mtaa wa Ng'ambo na wazee wangu, asili yetu Makunduchi, nimemaliza skuli ya sekondari na huu ni mwaka wangu wa pili kufanya kazi katika kliniki moja ya meno hapa mjini, kazi yangu ni kuchemsha vyombo, kuchanganya dawa ya kuzibia, kumulika taa na kuwashika mkono wanaoogopa sindano, na nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama, na kila siku ikipita linazidi kuwa baya.

Nianze na shangazi yangu, Bi Mashavu, dada wa baba. Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, alikuja kutoka Makunduchi kwa gari la shamba, shavu limemvimba mpaka jicho limeanza kufumba, amejifunga kanga kutoka kidevuni mpaka utosini, siku kumi nzima alikuwa akijitia mafuta ya karafuu na kungoja lipoe lenyewe. Kliniki yetu ina daktari mmoja tu na wiki ile alikuwa Pemba. Nikamfungua mdomo, nikaliona gego lenyewe, la chini upande wa kulia, na koleo la kulitolea nalijua kwa sababu nimempa daktari mkononi mara nyingi, lakini sina ruhusa ya kumtia mtu koleo mdomoni na pengine ningemdhuru, basi nikamshika mkono tu. Akanambia, "Mize, mwanangu, si uling'oe?" Nikasema, "Shangazi, mie si daktari." Akauliza, "Na huyo daktari yuko wapi?" Nikamwambia yuko Pemba. Akangoja siku nne. Daktari aliporudi usaha ulikwishaingia kwenye mfupa, ikabidi apelekwe Dar es Salaam kukatwa kipande cha taya, na alhamdulillahi amepona, lakini upande mmoja wa uso umebonyea, anakula uji na wali wa kuponda, na akicheka huziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Baada ya hapo nikaomba kusoma. Daktari Behram, huyo wa kliniki yetu, aliniandikia barua za kunisifia, moja kwa chuo cha madaktari wa meno Bombay, alikosoma yeye, na moja kwa ofisi ya elimu kwa ajili ya chuo cha wauguzi wa meno kilichoko Penang, huko Malaya. Nilidhani nitakosa kote. Mwezi uliopita, katika wiki moja, nikapata kote.

Penang ni miaka mitatu, serikali inalipa kila kitu, na nikirudi nitatibu watoto wa skuli, si watu wazima. Bombay ni miaka mitano, kwa sababu sikupata kusoma fizikia na lazima kwanza nisome mwaka mmoja wa sayansi, na nikianguka mtihani wa mwaka huo narudishwa nyumbani, lakini nikimaliza nitakuwa daktari kamili. Ada mjomba Ame, ndugu yake mama, amesema atalipa yeye. Nilimuuliza Daktari Behram, akanambia, "Kutibu watoto ni kazi kubwa, usiidharau. Lakini hizi ni kazi mbili mbalimbali. Jiulize unataka ipi, usiniulize mimi."

Baba yangu, Mzee Borafya, ni mwashi, na yeye anataka Penang. Anasema Malaya ni nchi ya Waislamu wenzetu, wanakula wali kama sisi, na miaka mitatu si mingi. "Bombay utarudi una miaka ishirini na mitano," aliniambia, "nani atakungoja?" Na ameshawaambia wenzake msikitini kuwa binti yake anakwenda Malaya, nikipita barazani watu wazima wananipongeza.

Sasa ndiyo nakuja kwenye jambo lenyewe. Nilijaza fomu ya Penang mbele ya baba, nikatia sahihi. Siku tatu baadaye nikawaandikia Bombay kwamba nakuja, barua nikaitia posta mwenyewe. Kote nimekubali. Na bwana wa ofisi ya elimu alinieleza wazi kuwa nafasi ya Penang ni moja, na nikiikataa mwisho Ijumaa hii atapewa aliyenifuatia, lakini ikipita Ijumaa majina yatakuwa yameshakwenda, na nafasi ikibaki tupu itapewa nchi nyengine.

Aliyenifuatia ni Wanu. Wanu nilikaa naye dawati moja tangu darasa la nne, sasa ni mwalimu wa watoto wadogo, na tuliandika maombi ya Penang siku moja, kwa wino mmoja, kwenye meza ya kwao. Yeye hakuomba kwengine. Kila Alhamisi akitoka skuli hupita kwetu akauliza, "Mize, hujasikia kitu?" nami humwambia, "Sijasikia." Alhamisi iliyopita alinambia, "Mie nshakata tamaa, nadhani washapeleka watu wao," nikamtilia chai.

Kila nikitaka kuikataa Penang nauona ule mtihani wa fizikia, najiona nashuka melini na sanduku langu baada ya mwaka mmoja, na kila nikitaka kuikataa Bombay nashindwa hata kushika kalamu. Nisaidie, Bi Shemsa. Nichague chuo kipi, na Wanu nimwambie nini?

Ni mimi mwanao,
Mize, Ng'ambo

*

Marahaba, mwanangu Mize.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikitafuta sentensi moja inayosema kuwa wewe, si baba, wewe, unataka kwenda Penang. Haimo. Kwa hivyo swali la vyuo viwili nitalijibu haraka, kwa kuwa umeshalijibu mwenyewe: nenda Bombay. Mtu aliyemfungua shangazi yake mdomo, akaliona jino na asiweze kulitoa, hawezi kwenda kusoma miaka mitatu halafu arudi aambiwe watu wazima si kazi yake. Kwa mwengine Penang ingekuwa nafasi nzuri kabisa. Kwako wewe ingekuwa ile siku ya shangazi yako tena kila mwezi, na daktari yuko Pemba.

Unaogopa mtihani. Una haki ya kuogopa, na sitakudanganya kuwa ni mwepesi. Lakini hebu tuzungumze ukweli. Unajiambia umeishika Penang kwa ajili ya baba. Hukuishikia baba. Umeishika ili ukianguka Bombay uwe na pa kurudia. Basi fikiri kidogo, wewe uliyesoma: ukianguka Bombay mwakani, Penang itakuwa inakungoja? Nafasi itakuwa imeshachukuliwa na msichana wa nchi nyengine, yuko darasani. Unachokizuia hakikufai hata wewe, na wakati huo huo unamnyima anayekihitaji. Na yule unayemnyima anakuja kwenu kila Alhamisi, unamtazama usoni, unamtilia chai. Nimekusikitikia kwa mengi katika barua yako, Mize, lakini hapo sikukusikitikia.

Sasa sikiliza, siku zenyewe ni nne.

Leo hii, baba akishakula, mwambie. Usimwambie unafikiri kwenda Bombay. Mwambie unakwenda, na umwambie pia kuwa ulitia sahihi mbele yake huku moyo uko kwengine. Atakasirika, na ana haki yake, kwa sababu umemwacha akajigamba kwa jambo ambalo si kweli. Usibishane naye. Mpelekee habari Bi Mashavu aje mjini. Yeye ni dada yake, na ana la kusema ambalo wewe huwezi kulisema.

Kesho asubuhi, kabla ya kazi, nenda ofisi ya elimu ukaandike kwa mkono wako kuwa umejitoa. Usingoje ridhaa ya baba kwa hili. Ridhaa ya kusafiri utaiomba mpaka uipate. Kumrejeshea mtu nafasi yake hakuombewi ruhusa.

Ukitoka ofisini nenda kwa Wanu, kabla barua ya serikali haijamfikia. Mweleze kila kitu, pamoja na zile Alhamisi. Usilie mbele yake, maana ukilia yeye ndiye atakayelazimika kukubembeleza, na hapo si zamu yake. Usimwambie pia kuwa sasa mambo yamekaa sawa. Akikufukuza, ondoka.

Halafu mwombe Daktari Behram akutafutie mwalimu wa fizikia, uanze wiki hii hii. Hofu ya mtihani haina dawa nyengine ninayoijua.

Bi Shemsa

*

Baada ya wiki sita Mize aliniandikia tena. Nakata yaliyo ya nyumbani mwao tu. Mengine ni haya.

"Baba nilimwambia siku ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, 'Na sahihi niliyokuona unaitia?' Nikasema, 'Niliitia kwa uongo, baba.' Akainuka akatoka, na siku mbili hakusema nami. Ofisini nilikwenda Jumanne kama ulivyoniambia. Yule bwana hakunigombeza, alinipa karatasi na kalamu, akanambia nikae niandike kwa kituo.

"Shangazi alifika Jumatano. Sikumwambia aseme nini. Alikaa na baba ukumbini, akamwambia, 'Borafya, mie mwaka jana nilikuwa na mtoto wa ndugu yangu mbele yangu, hana ruhusa, na daktari hayuko. Sasa mtoto huyo huyo anataka kuwa daktari na wewe unamhesabia miaka?' Baba akasema, 'Miaka mitano, dada. Na watu nshawaambia.' Shangazi akamwambia, 'Watu utawaambia tena. Midomo unayo.' Baba akauliza huko Bombay wasichana wanalala wapi na nani anawaangalia. Daktari Behram alikuja mwenyewe kumweleza kuhusu nyumba ya wanafunzi wa kike. Ijumaa, baada ya sala, baba aliwaambia wenzake barazani kuwa ni Bombay.

"Kwa Wanu nilikwenda Jumanne nikitoka ofisini, naye alikuwa nyumbani, skuli zimefungwa, anasahihisha madaftari. Nilimweleza nimesimama. Akauliza, 'Tokea lini?' Nikasema, 'Tokea wiki nne.' Akasema, 'Yaani Alhamisi nne nimekuja kwenu.' Nikasema, 'Ndiyo.' Akasema, 'Ya mwisho nilikwambia nshakata tamaa.' Nikasema, 'Ndiyo, uliniambia.' Akafunga daftari alilokuwa nalo. Sikulia. Akanambia, 'Ahsante kwa kuja kunambia mwenyewe,' akaingia ndani, na mama yake akanisindikiza mpaka mlangoni bila ya kujua kuna nini.

"Barua yake ilifika Jumamosi. Tangu hapo hakuja kwetu. Amesafiri Jumanne iliyopita. Nilikwenda bandarini, nikasimama pamoja na walimu wenzake, akatupa mkono sote, mmoja mmoja, na mimi kama wengine. Mimi naondoka mwezi ujao. Fizikia nasoma kila siku kwa mwalimu mmoja wa Kihindi, ni ngumu, lakini sasa naelewa kwa nini maji ya kuchemshia vyombo hayapandi moto tena yakishachemka. Nilitarajia Wanu akipata safari yake atanisamehe. Nifanye nini?"

*

Mize, yeye kupata safari na wewe kusamehewa ni mambo mawili, na la pili haliko mikononi mwako. Nafasi ilikuwa haki yake tangu siku ulipoandika Bombay. Hukumpa zawadi, umemrudishia chake, tena umekichelewesha, na yeye analijua hilo.

Ulifanya lililokupasa, na nimefurahi nawe, zaidi kwa kusimama pale bandarini ingawa ulijua utapewa mkono mkavu. Sasa chukua anwani ya chuo chake kwa mama yake. Ukifika Bombay, mwandikie. Msamaha umeshaomba, usiombe tena. Muulize wanafundishwaje, chakula kikoje, nani analala naye chumba kimoja, na umweleze na yako, hata ukianguka mtihani. Asipojibu, andika tena baada ya Ramadhani.