Redio Iliyokugombanisha na Fundi Bakari

Mpendwa Mjomba Selemani,

Shikamoo yangu utaikuta mwishoni. Naichelewesha makusudi, kwa sababu sitaki uniitikie marahaba kabla hujajua unamwitikia mtu wa namna gani. Redio ya gari lako haikufa kwa ubovu, na Fundi Bakari hakukudhulumu. Niliiunguza mimi, kwa mikono yangu, asubuhi moja ya likizo ya Desemba, wewe ukiwa shambani Mtua kuangalia korosho. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama.

Barua hii ni ya wazi. Anayetaka kuisoma aisome. Sababu utaiona ukifika mwisho.

Naanza na daftari, maana najua ukiwa huko Msumbiji unalikumbuka. Lile la jalada la kijani, ambalo ukurasa wake wa mwisho niliuandika kwa rula: MPANGO WA MUZIKI WA PIKAPU. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba nasubiri majibu, na wewe ulikuwa umerudi kwenye sherehe ya watoto wa mama mkubwa waliotoka jandoni Mkotokuyana. Ulirudi umekasirika. Gari la muziki lililokodiwa kutoka Ruangwa lilikuwa limeondoka katikati ya sherehe, mwenyewe akidai ana kazi nyingine, na wali, wale vijana waliotoka jandoni, wakabaki wanasindikizwa kwa makofi na ndoo. Ulikaa kwenye mkeka, ukamtazama mdogo wangu Rashidi aliyekuwa akichezea gurudumu la baiskeli, ukamwambia mama, "Dada, huyu siku atakapotoka, hatutaazima muziki wa mtu. Pikapu yangu itaimba yenyewe."

Mama alikujibu kwamba pikapu yako hata honi haina. Ukacheka, ukanigeukia mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya kitabu kama kawaida yangu. Kwa kuwa nina jina la bibi, wewe huniita mama. Ukasema, "Mama, wewe si ndiye msomaji? Nipangie. Lakini ujue fedha ni ya korosho tu, na korosho huja mara moja kwa mwaka."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kunipa kazi kama ile. Nilipanga siku tatu. Kila msimu wa korosho, hatua moja. Kwanza redio ya kaseti pamoja na spika zake mbili ndogo za milangoni. Msimu wa pili, nyaya nene na fyuzi, kutoka kwenye betri moja kwa moja. Wa tatu, spika kubwa zaidi. Wa nne, amplifaya. Mwisho boksi la besi, la mbao, nyuma ya kiti. Nilipokusomea, ulikwama kwenye nyaya.

"Waya hauimbi, mama."

"Ndio unaoilisha spika, Mjomba."

Ukaenda ukawasimulia abiria wote wa stendi kwamba mpwa wako analisha spika. Wiki nzima nilipopita pale waliniuliza zinakula nini, ugali au makopa, na mimi nilipita nikitazama vidole vya miguu yangu. Lakini nilifurahi. Ulikuwa umelibandika jina langu kwenye kazi ya watu wazima.

Redio uliinunua kwa Fundi Bakari, kwenye kibanda chake hapa Nachingwea, pale magari ya Ruangwa yanapopakilia. Usingeinunua kwingine. Mlilala jando moja, mkavumilia baridi moja, na mlikuwa na wimbo wenu ambao mkianza kuuimba mama hutufukuza watoto uani. Alikufungia mwenyewe, akakuketisha ndani ya gari, akakuwekea kaseti, ninyi wawili mkafunga milango na vioo katika joto lile mkasikiliza upande wote wa kwanza. Mlitoka mmelowa jasho, mnacheka kama watoto.

Sasa ile asubuhi ya Desemba.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha kwanza. Katika kitabu cha fizikia nilikuwa nimesoma namna mbili za kuunganisha vitu kwenye umeme, kwa mfuatano na kwa sambamba, na nilikuwa na uhakika wa mtu aliyesoma sura moja. Ulikuwa umeniachia gari nilioshe. Kule stoo kulikuwa na spika mbili za redio ya marehemu bibi. Nikawaza nikuonyeshe hatua ya tatu kabla ya msimu wake, bure, bila kununua kitu. Nikaziunganisha kwa sambamba, kila moja juu ya waya wa spika ya mlangoni, nikawasha, nikaongeza sauti.

Mjomba, dakika tatu zile zilikuwa nzuri. Sauti ilijaa gari zima, nikakaa kwenye kiti chako nikaona mimi ni injinia. Kisha ikaja harufu, kama ya sukari iliyounguzwa pamoja na plastiki, na kimya. Redio ile ilitengenezwa kulisha spika mbili. Nilikuwa nimeiwekea midomo minne. Habari hiyo ilikuwemo katika ukurasa uliofuata wa kitabu, na nilikuwa sijaufungua.

Nikazifungua zile spika, nikazirudisha stoo chini ya magunia, nikarudisha nyaya zilivyokuwa. Kisha nikaliosha gari vizuri sana.

Siku ya pili uliwasha redio stendi, mbele ya abiria, ikawa kimya. Ulimpelekea fundi wa Ruangwa, akakwambia kitu cha ndani kimeungua na kwamba huenda redio iliwahi kufunguliwa kabla yako. Basi, hilo neno "huenda" ukarudi nalo Nachingwea likiwa limeshakuwa hakika. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya pikapu na mfuko wa unga. Ulisimamisha gari mbele ya kibanda, watu wamejaa wanasubiri safari, ukasema bila kushuka, "Bakari, umeniuzia maiti."

Fundi Bakari alikuwa na chuma chake cha kuchomea waya mkononi, bado kinafuka. Alisema maneno mawili tu. "Selemani, mimi?"

Ukaondoa gari. Uliwaambia watu wasinunue kitu pale, na baadhi yao walikusikiliza. Nafasi ya kusema ilikuwa ile, kabla gari halijaondoka. Nilishika mfuko wa unga nikanyamaza, na tangu hapo kila siku iliyopita iliongeza ugumu. Fedha ya msimu ule iliishia kwenye matengenezo Ruangwa, kwa hiyo mpango wetu ukarudi nyuma mwaka mzima. Wewe ukamlaumu Fundi Bakari kwa mwaka ule pia.

Ulipoondoka kwenda kuendesha lori Montepuez, mimi naingia kidato cha tatu, tulikuwa tumefunga nyaya na fyuzi basi. Ulimwachia mama gari na dereva wetu Ally, mimi ukaniachia daftari. Ulisema, "Mama, nisipokuwepo, wewe ndiye mimi." Sijui kama ulijua umeniachia uzito gani. Mjomba ndiye mwenye mtoto siku ya jando, na wewe ulikuwa unanikabidhi ahadi yako kwa Rashidi mbele ya ukoo mzima, mimi ambaye darasani nikiitwa kujibu husimama nikasahau jibu ninalolijua.

Lakini ukurasa uliofuata nimekwisha kuusoma, Mjomba. Nimeusoma mpaka ukachanika.

Fedha uliyotuma kwa yule mwenye duka anayevuka Ruvuma kufuata bidhaa tuliinunulia spika kubwa za milangoni, Ruangwa, na niliuliza uwezo wa kila moja mpaka muuzaji akamuuliza Ally kama mimi ni polisi. Msimu uliofuata tukapata amplifaya iliyotumika. Tulipoifunga ikatoa mluzi. Injini ikipanda, mluzi unapanda nayo; ikishuka, unashuka. Ally alisema ni shetani wa gari na akapendekeza tuache. Fundi mmoja tu hapa mjini angeweza kunieleza, na huyo nilikuwa siwezi kumtazama usoni. Kwa hiyo nilikaa na mluzi ule likizo nzima. Nilibadilisha waya mmoja mmoja, naandika, narudisha. Mwisho niligundua kwamba nyaya za hasi nilizifunga kwenye bodi ya gari mahali patatu tofauti, juu ya rangi. Nikazikusanya zote mahali pamoja, nikakwangua rangi kwa kisu cha mama mpaka chuma kikang'aa, nikakaza. Ally akapiga moto. Kimya safi. Akakanyaga mafuta. Kimya. Akanitazama akasema, "Somoe, umemtoa," na mimi, ambaye huwa sichezi hata harusini, nilicheza pale pale kwenye vumbi.

Boksi la besi nililichora mwenyewe kwa vipimo. Seremala aliuliza ni jeneza la nani, dogo hivi. Alitupatia vipande vya mninga vilivyobaki kwenye vitanda, bila malipo, na ndiyo maana pikapu yako ina boksi zuri kuliko kabati letu.

Siku ya Rashidi ilikuwa Jumamosi. Wazee wa ukoo hawakuniamini, na siwalaumu. Walikuwa wameita kimya kimya lile gari la Ruangwa, lile lile, likaja Mkotokuyana na spika zimefungwa juu kwa kamba. Mwenyewe akatukuta tumeegesha, akamuuliza Ally kwa dharau kama kile kijisanduku ni cha mayai. Ally akaniangalia. Kazi haikuwa ya kusema, ilikuwa ya kuwasha, na hilo naliweza. Nikaingiza kaseti ya ngoma aliyoirekodi mama.

Mjomba, natamani ungekuwepo. Haikuwa kelele. Ngoma ilitoka ndani ya mninga ikaingia kifuani, na sauti za kina mama zikakaa juu yake, kila neno linasikika, mpaka waliokuwa kisimani wakaacha ndoo wakaja. Wali walitoka wamevaa kanzu nyeupe, chini ya miavuli, macho chini kama walivyofundishwa. Rashidi alipandishwa nyuma ya pikapu, mgongo karibu na boksi. Alijikaza, alijikaza, halafu besi ikampiga mgongoni akashindwa, akacheka meno yote nje. Mama alitoa kanga yake moja akaitandika njiani mbele ya gari. Yule bwana wa Ruangwa alijaribu muziki wake kidogo, kisha akauzima, akaja kusimama karibu na dirisha letu. Tulizunguka kijiji kizima mara mbili. Hakuna aliyeondoka katikati. Ahadi yako imetimia, na nilikuwa kwenye kiti cha mbele ikitimia.

Katika mzunguko wa pili nilimwona Fundi Bakari. Alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka mjini, hakualikwa na mtu, amevaa shati la pasi. Alikuja kwa sababu ya jando lenu. Gari liliposimama alisogea, akainama, akaweka sikio kwenye boksi, akafumba macho. Kisha akaniuliza, "Hasi umefunga wapi?"

Nikamwonyesha. Nikamweleza mluzi na kisu cha mama. Tuliongea muda mrefu, mimi na mtu mzima, bila mimi kutazama chini. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi. Alipokuwa anachukua baiskeli yake akasema, taratibu, "Ile redio ya mjomba wako ilikuwa nzima. Niliisikiliza siku tatu kabla sijampa." Hakuniuliza kitu, akaondoka zake.

Nilirudi nyumbani na ushindi wote ule, watu wanalitaja jina langu njiani, na nikashindwa kula pilau. Niliandika mpaka hapa jana.

Leo ni Jumatatu, naendelea. Baada ya masomo nilikwenda kwenye kibanda. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima na yote yakanitoroka mlangoni, nikasema tu, "Fundi, redio niliiunguza mimi." Alikuwa ameshika spika ya mtu. Aliiweka chini. Nilihesabu misumari ya ukutani. Kisha akauliza nilifungaje, nikamweleza, akatikisa kichwa akasema hata yeye aliwahi kuunguza ya bosi wake hivyo hivyo, ila yeye alikimbia mpaka Masasi.

Nikamwambia kwamba wewe ulimsema mbele ya watu wanaosubiri gari, kwa hiyo na mimi sitaki kumsafisha chumbani. Nikamwonyesha barua hii. Aliisoma yote amesimama, na alipofika kwenye "Selemani, mimi?" akatoka nje kidogo, akarudi.

Nimeinakili kwa herufi kubwa kwenye karatasi nne za manila. Nakala hii ya mkono atakuletea huko yule mwenye duka akivuka wiki ijayo. Zile nne nimezigonga kwa misumari kwenye mlango wa kibanda, upande unaotazama magari ya Ruangwa. Abiria wawili walikuwa wameanza kusoma kabla sijamaliza. Fundi Bakari alisimama nyuma yangu akatazama, akasema, "Shusha kidogo, na wafupi wasome." Nikang'oa, nikashusha, nikagonga tena.

Shikamoo, Mjomba.

Mpwao,
Somoe