Jumapili Ambayo Hatukupokea Simu Yako

Nabua, Camarines Sur
15 Oktoba 2018

Mpendwa mdogo wangu Maricar,

Hujambo huko Taichung? Baridi imeshaanza? Natumaini mgongo umepoa, na kwamba yule mzee unayemtunza siku hizi anakuacha ulale. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua kila mvua ikinyesha, na mvua haikatiki, lakini kula anakula na kugomba anagomba. Yale mabati yaliyong'olewa na kimbunga tumeyapigilia upya.

Barua hii anakuletea Glenda, binti wa jirani, anayerudi kazini huko. Amebeba pia njugu za kwetu ziitwazo pili, na chupa ya uduvi wa kusaga, ule uupendao. Usiisome barua mbele ya watu. Ingia chumbani, funga mlango, ukae.

Jana ulipiga simu ikaita mpaka ikakata. Ukapiga tena. Baadaye nikakutumia ujumbe kwamba mtandao ni mbovu. Maricar, mtandao ulikuwa mzima. Simu ilikuwa mezani, nasi tumeizunguka tukiitazama.

Nianzie darasani, maana huko ndiko nilikoanza kujua. Mwaka huu mwanao Liezel yuko darasani kwangu, na wiki iliyopita tulisoma hadithi fupi ya msichana mdogo aliyenunuliwa kifaranga kwenye sikukuu ya mji, vile vinavyochovywa rangi. Chake kilikuwa cha kijani. Kikafa. Bibi yake akakizika kimyakimya, akanunua kingine cha kijani, nacho kikafa, akanunua kingine. Mtoto anaendelea kukiita kwa jina lilelile. Mwishoni mvua inakilowesha, rangi inachuruzika, naye anabaki uani na kifaranga cheupe mikononi.

Nikauliza, rangi ile ni taashira ya nini? Mmoja akasema furaha ya utoto, mwingine uongo wa wakubwa. Rodel, yule mtundu, akasema ni taashira ya bibi mwenye hela za kuchezea. Darasa likaangua kicheko. Liezel hakucheka. Akasimama.

“Mwalimu, rangi si ya mtoto. Ni ya bibi. Mtoto alijua tangu kifaranga cha pili.”

“Hilo umelisoma wapi? Hadithi inasema alijua mvua iliponyesha.”

“Aliyeiandika hajui. Kifaranga umekilisha mkononi, umelala nacho, halafu kije kingine usikitambue? Alinyamaza ili bibi asione aibu. Akawa anamsaidia.”

“Anamsaidiaje?”

“Anaita jina lilelile.”

Wenzake wakageuka kumtazama. Si kwa maneno, ni kwa sauti aliyoyasemea. Unaijua sauti ya Mama akizungumza na mwenye deni? Ndiyo hiyo, ikitoka kwa mtoto ambaye bado anavaa vibanio vya vipepeo.

Wenzake walipotoka kucheza nilimzuia. Kwanza aligoma. “Mama Mkubwa, nikikwambia utampigia Mama leo hii.” Nikamwahidi sitapiga. Ndiyo maana ninaandika.

Mdogo wangu, mumeo Dindo ana nyumba nyingine. Iko Iriga, nyuma ya soko. Kuna mwanamke, na kuna mtoto ambaye ameshaanza kukimbia. Ile kazi ya kuendesha lori la usiku, ambayo kwa ajili yake tulikuwa tukimwambia Mama amwekee chakula, haipo. Sikujua. Mama naye hakujua. Liezel alijua.

Nilipompeleka Iriga mwaka jana kwa mashindano ya kuimba, alitoka mara moja kununua maji akamkuta baba yake amembeba huyo mtoto mabegani. Mtoto anamwita Baba. Dindo akampeleka Liezel pembeni, akamnunulia barafu tamu, akamwambia: “Mama yako yuko peke yake ugenini. Akisikia, moyo utapasuka. Wewe ni msichana mkubwa.” Aliniambia barafu hakuila, ilimyeyukia mkononi, akarudi jukwaani akaimba. Nami nilikaa mstari wa mbele nikimpigia makofi.

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akikuandalia simu zako za video za kila Jumapili. Alimkumbusha baba yake asichelewe. Alimpigia pasi lile shati la bluu ulilomtumia. Alitandaza nguo chache za zamani za baba yake kabatini zionekane nyingi, na ulipoomba kuona chumba alikwambia chaji inaisha. Dindo akikaa kwenye kiti na kukuuliza umekula nini, Liezel ndiye anayeshika simu. Umekuwa ukimsifu mkono wake hautetemeki.

Jana nilifika nyumbani kwako kabla ya saa yako ya kupiga. Dindo alikuwa ameshaingia, amevaa shati lile, nywele mbichi. Kuniona akapoteza rangi. Simu ikaanza kuita. Mama akapaza sauti kutoka jikoni: “Si Maricar huyo? Mbona hampokei, mmekufa?”

“Ipokee, mwanangu,” Dindo akasema.

Liezel akaiweka mezani. “Vua hilo shati, Baba.”

“Liezel, tutaongea baadaye. Mama yako anasubiri.”

“Vua. Ni la Mama.”

Dindo akanitazama mimi, akidhani nitamkemea mtoto. Nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti kwa nguvu. Simu ikakata. Ikaanza tena. Dindo akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja. Akaliweka shati kitini, akatoka na fulana yake ya ndani. Getini akanigeukia: “Nitamwambia mwenyewe.” Nikamjibu, “Mwambie. Mimi natangulia.” Akawasha pikipiki.

Nikamweleza Mama palepale. Hakupiga kelele. Alikaa akachambua mboga mpaka akaanza kutupa majani na kubakiza vikonyo, ndipo nikamnyang'anya bakuli. Liezel alikwenda kulala mchana wote, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nililala naye. Anasaga meno usingizini.

Mambo ya Dindo utaamua wewe, na lolote utakaloamua mimi niko nyuma yako. Nakuomba moja tu. Ukipiga, usimshukuru Liezel kwa kutunza siri, wala usimwombe akwambie mwanamke yule anafananaje. Muulize amekula nini. Mgombeze kwa kucha ndefu.

Mama anakusalimu na anasema uvae soksi. Mjomba Berting na mkewe wanakusalimu. Hawajui kitu. Mungu aliyekufikisha huko akushike mkono usiku utakapomaliza kusoma, na Mama Maria akufunike.

Nilimuuliza Liezel nikuandikie nini kutoka kwake. Akafikiri sana. “Mwambie asirudi kwa ajili yangu. Mwambie mimi niko sawa, amalize mkataba.” Nikaandika hivyo kwenye karatasi nyingine. Nilipofika mlangoni akaniita.

“Mama Mkubwa, hilo lifute. Mwambie tu arudi.”

Dada yako asiyekuacha,
Perlita