Makofi ya Gakoromone kwa Jibu Lililokosewa

Mpendwa Mama Ruguru,

Pokea salamu kutoka Meru. Naomba unisaidie kufikiri, na tafadhali usinicheke, kwa maana jambo langu si la mapenzi kama mengi ninayoyasoma kwenye ukurasa wako, ni la masomo, na sijui kama kuna mtu amewahi kukuandikia kuhusu masomo.

Mimi ni msichana wa Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa hapa mjini. Sipendi kuongea mbele ya watu, hata mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua sauti hunipotea, lakini napenda vitabu sana, na wenzangu huniita Profesa, wengine kwa upendo na wengine kwa ile njia nyingine. Muhula huu nilikuwa maktaba nikapata makala iliyoeleza kwamba watafiti waliwagawa wanafunzi katika makundi mawili, kundi moja likasoma somo na kulirudia tena na tena, na lingine likasoma kisha likafunika kitabu na kujaribu kukumbuka bila kuangalia, na baada ya siku kadhaa waliofunika kitabu ndio waliokumbuka zaidi. Nilishangaa mpaka nikasahau kwenda chakula cha mchana, kwa sababu kwetu Biolojia ni kunakili, Madam Igoki (nimembadilisha jina) hujaza ubao, tunaandika, anafuta, anajaza tena, na jioni tunasoma tulichoandika mpaka macho yanauma. Si mwalimu mbaya, anatujali, hata akiwa na mafua huja na shali yake shingoni akafundisha. Lakini nilijiuliza, kama jambo hili limeshapimwa na kujulikana, mbona halijafika darasani kwetu, na nani aliyepewa kazi ya kulileta?

Basi nikaanza na marafiki zangu wawili, Winrose na kijana ambaye nitamwita Mutembei. Tulikutana baada ya masomo, mmoja anafunika daftari na kusema anachokumbuka, na mimi nikaweka sheria kwamba yeyote anayejaribu apigiwe makofi ya kilo, yale ya pa-pa-pa kisha moja kubwa, na asikatizwe katikati, maana mimi mwenyewe najua uchungu wa kukatizwa darasani wote wakikutazama. Mutembei ndiye aliyeipenda njia hii kuliko sisi wote. Anataka kuwa muuguzi, na mama yake anauza kabichi katika soko la Gakoromone, kwa hivyo jioni na Jumamosi huwa kibandani na hapati muda wa kukaa na kitabu. Aliniambia, "Profesa, hii kitu ni yangu! Naweza kusoma mikono ikiwa kwa kabichi."

Jumamosi moja nilitumwa vitunguu nikampata akisoma hivyo. Jirani yao wa kibanda, Mama Naftaly, ndiye anayeuza vitunguu, na yeye ndiye aliyekuwa akimuuliza.

"Haya daktari, leo damu inaenda wapi?"

"Mama Naftaly, sikiza vizuri. Ateri hurudisha damu kwenye moyo. Vena huitoa kuipeleka mwilini!"

"Wee! Hebu mpigieni daktari wetu makofi!"

Akina mama wakaacha mizani wakapiga makofi ya kilo, na mteja mmoja pia akapiga, na mama yake Mutembei akacheka mpaka akapangusa macho kwa aproni. Nilinunua vitunguu nikaenda nyumbani.

Kisha tukafanya mtihani wa katikati ya muhula. Mimi na Winrose tulipanda alama. Mutembei alianguka, tena vibaya, kwa sababu swali kubwa lilikuwa la moyo na mishipa, na ukianza kwa kugeuza ateri, inayotoa damu moyoni, na vena, inayoirudisha, mchoro wote unageuka. Alinijia kwenye dawati darasa likisikia.

"Umeniua, Profesa. Mimi nilikuwa nasoma na kitabu changu polepole, na angalau nilikuwa napita."

"Lakini utafiti ulisema..."

"Utafiti wako urudishe kule ulikoutoa! Ulishaona mtu wa Gakoromone kwa hiyo makala? Tukitoka likizo fupi naacha Biolojia, nimemaliza."

Mama Ruguru, akiacha Biolojia hawezi kuwa muuguzi, na mama yake bado hajaambiwa, na Mama Naftaly bado anamwita daktari. Wakati ananiambia hayo sikujua kwamba Madam Igoki alikuwa ameingia darasani. Akasema, "Kumbe mna utafiti hapa na mimi siambiwi? Sawa. Profesa, tukirudi utakuja hapa mbele utufundishe njia yako. Mimi nitaketi kwa hilo dawati lako ninakili." Darasa lote likacheka. Yeye hakucheka, na mpaka leo sijui kama alikuwa akinikejeli au alisema kweli.

Sasa nauliza. Je, utafiti ulikosea au mimi ndiye niliyekosea? Mutembei ameniuliza swali ambalo sijalipatia jibu, watafiti wa mbali wanawezaje kumjua mtoto anayesomea kibandani? Na je, nisimame mbele ya darasa au nimwombe Madam Igoki anisamehe nikae kimya? Shule inafunguliwa wiki ijayo.

Wako,
Profesa Asiye na Sauti, Meru

MAMA RUGURU ANAJIBU

Profesa, mwanangu,

Sikucheki. Barua za wapenzi nimezijaza gunia, lakini ya mtoto anayetaka kujua jinsi maarifa yanavyofika darasani nilikuwa sijawahi kuipata, na nilisimama ubaoni nikifundisha miaka mingi kabla ya kuja gazetini. Imenifurahisha. Halafu nimeisoma tena, na mara hii umenikasirisha kidogo.

Ulisimama pale Gakoromone ukamsikia rafiki yako akigeuza ateri na vena. Ulijua. Kisha unaniandikia kwamba ulinunua vitunguu ukaenda nyumbani, kana kwamba hilo ni jambo la vitunguu! Naelewa hukutaka kumwaibisha mbele ya mama yake. Lakini hukuhitaji kupaza sauti. Ungemngoja amalize kufunga kabichi ukamnong'oneza. Ile haya yako uliigeuza sheria ya kundi zima, kwamba asikatizwe mtu na apigiwe makofi kila mtu, na sheria hiyo ndiyo iliyomwangusha Mutembei. Alilifanyia mazoezi kosa lake kwa bidii, tena akishangiliwa.

Utafiti haukukosea hapo. Wewe ulimletea nusu yake. Kufunika kitabu ni hatua ya kwanza, na hatua ya pili ni kukifunua uone ulipopotea. Wewe na Winrose mlikuwa na daftari karibu, mkawa mnachungulia bila hata kujua kwamba mnachungulia. Yeye alikuwa na kabichi. Ndiyo maana swali lake ni zuri kuliko unavyodhani. Watafiti hawamjui mtoto wa Gakoromone, na hawawezi. Wao wanakuambia ni kitu gani kinafaa kujaribiwa kwanza. Kujua kwamba kibandani hakuna kitabu na mikono ina matope, hiyo ni kazi yako wewe uliyekuwa pale.

Na usijivunie sana kupanda kwako. Wewe ni mtoto wa kusahau chakula kwa sababu ya makala. Ungepanda hata kwa njia nyingine.

Kuhusu Madam Igoki, nakwambia kama mtu wa kazi hiyo: mwalimu akitaka kukukejeli hakupi wiki nzima ya kujiandaa, hukukejeli akaendelea na somo. Huenda hata mkono wake umechoka kujaza ubao. Nenda umwone saa ya chai, mkiwa wawili, umuulize waziwazi alimaanisha nini. Akisema alimaanisha, usimletee hotuba, mletee jaribio. Darasa ligawanywe kwa kura, nusu wanakili mada moja, nusu wasome, wafunike, kisha wakague. Mada inayofuata wabadilishane. Karatasi zisahihishwe na mtu asiyejua nani alikuwa upande gani. Hapo hutahitaji sauti kubwa, majibu yataongea, na yakikukatalia utakubali.

Lakini kabla ya hayo yote, Jumamosi hii rudi Gakoromone. Beba kitabu cha Biolojia. Mwombe Mutembei msamaha kwa kunyamaza, si kwa utafiti. Mwambie pia jambo hili, nawe ulithibitishe mwenyewe ukirudi maktaba: wapo watafiti walioona kwamba kosa ulilolisema kwa ujasiri, likishasahihishwa, sahihisho lake hushika kichwani zaidi kuliko la kosa ulilolibahatisha. Kwa hiyo yeye, aliyetangaza lake mbele ya soko zima, ana nafasi nzuri. Asiache Biolojia kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula. Kisha mkabidhi Mama Naftaly kitabu, umwonyeshe mchoro wa moyo na mishale yake. Kuanzia sasa, mwenye kuanzisha makofi ndiye mwenye kushika kitabu, na hapigi kabla ya kuangalia.

Haya, geuza gazeti hili kifudifudi. Sema kwa sauti yote niliyokuagiza, kisha uligeuze tena uone umesahau nini. Nadhani utakuwa umesahau lile la kumwomba Mutembei msamaha, kwa kuwa ndilo gumu. Anza na hilo.