Nimeziba Dirisha la Tanga

Mshauri mpendwa, nisaidie mzee mwenzio, na kama wewe si mzee nisaidie hivyo hivyo, maana mjukuu wangu amenifukuza darasani. Mimi ni fundi wa maturubai, nimeshona mahema ambayo tufani ilipita ikaomba radhi, na huyu mjukuu anafundisha watu kusimama juu ya ubao wenye tanga, upepo unawasukuma ziwani, nami nikamwambia niandikishe, kitu chenye kitambaa hakiwezi kunishinda. Akanipa tanga dogo la watoto, akasema, "Babu, anza na hili, maji ya magotini." Nikamwambia, "Hii ni leso ya kufutia kamasi, mama, nipe tanga la wanaume." Akacheka, akaenda kuwafunga watoto majaketi ya kuelea, nami nikaingia stoo nikachagua kubwa kuliko yote, nikakuta katikati pana kipande cha plastiki unaona mpaka upande wa pili, nikasikitika, nikasema fundi huyu alipungukiwa kitambaa akamalizia na mfuko, na kwa kuwa sindano siachani nayo, nikapiga kiraka cha turubai zito, mshono ambao hata tembo hafumui. Basi nikapanda, na sikudanganyi, nilisimama kama mnara, samaki wakawa wanaruka kuniangalia, nasikia watu ufukweni wanapiga kelele nikajua wananishangilia, kumbe wanasema, "Babu, mbele," na mbele mimi naona turubai langu tu. Nikawaingia kina mama wanaojifunza kuogelea, na mmoja ni mama wa kijana aliyemposa mjukuu wangu, akatumbukia, wigi likaondoka kivyake kama bata. Hakuumia, ila amesema hiyo posa kwanza isimame. Mjukuu hanisemeshi. Nataka turudi kama zamani, lakini nikishika kile kitanga cha watoto, heshima yangu itakwenda wapi?

Fundi Turubai

*

Mzee wangu, pole, ila nimekucheka mpaka maji yamenipalia. Ulichokiziba ni dirisha. Liliwekwa makusudi, mwenye tanga aone anakokwenda. Wewe uliyeshona mahema maisha yako yote, dirisha hulijui?

Heshima unayoiulizia ilishazama, sasa tutafute mjukuu. Fumua hicho kiraka kwa mkono wako mwenyewe, na matundu uliyoyaacha uyazibe unavyojua, ufundi si unao? Nenda kwa yule mama. Usimpelekee habari za samaki, mpelekee samahani, na umwambie kosa ni la babu, bibi harusi hakuhusika.

Halafu shika hicho kitanga. Vaa jaketi, upepo ukupige mgongoni, legeza magoti, nyanyua tanga kwa nguvu ya miguu, kiuno chako kiache kipumzike. Mambo yakikushinda, achia tanga, utaanguka peke yako bila kuchukua mama wa mtu. Na usiende mbali kabla hujajua kugeuka, maana upepo unajua kupeleka, kurudi ni kazi yako.

Kesho asubuhi fika mapema, na watoto wakiwa wanasikia, mwamkie mjukuu wako: "Mwalimu, shikamoo." Akiitikia marahaba, umesharudi darasani. Asipoitikia, panga foleni nyuma ya watoto, na kesho kutwa umwamkie tena.