Mbao Zilizokataa Kuzama

Jumatano, 7 Februari

Upepo tangu asubuhi. Meli imerudi tupu, mzigo wote umemwagwa kule kwenye kina. Hlynur, bosi wetu, kanunua keki ya ofisi nzima. Redio nayo imetusifu tena: kijiji kidogo cha Aislandi kinachozika hewa chafu baharini! Vipande vya mbao vilivyopakwa chokaa, juu yake mbegu za mwani. Mwani unakunywa hewa chafu, kisha vyote vinazama na kulala huko chini miaka elfu. Ndivyo ninavyowaeleza wageni.

Kazi yangu ni kompyuta. Kila ubao una namba yake, na baadhi zina kifaa cha ishara — cha bei rahisi, hakisemi kiko wapi, kinasema tu kwamba kinaelea. Kikinyamaza naandika namba ya ubao na neno moja: umezama. Leo, kwa mzigo wa Novemba, nimeandika hivyo mara kumi na saba.

Naipenda kazi hii. Kabla yake shule ilibaki na watoto tisa. Sasa wako ishirini na wawili, wawili wangu wakiwemo.

Ijumaa, 9 Februari

Nimempelekea Baba dawa ya presha kule shambani. Jikoni joto la ajabu! Kando ya jiko, rundo la kuni. Nilizijua kabla sijazigusa. Chokaa imekwanguliwa, namba zetu zipo palepale, zimechomwa kwa chuma cha moto. Na juu ya namba, mikato mitatu ya kisu — alama ya shamba letu.

Nikamuuliza kazitoa wapi. Akanishangaa. Bahari imeleta! Ufukwe wa nani? Wetu. Basi mbao za nani? Tangu enzi za babu wa babu yake, mti ulioletwa na maji ni wa mwenye ufukwe, na akishautia alama, hata mfalme hagusi.

Nikasema, lakini Baba, hizi ni za kampuni.

"Najua. Si mmezitupa? Mwenye kutupa hana chake, mwanangu."

Ghalani zimejaa hadi darini. Na vile vifaa vya ishara kavipanga dirishani. Nimevihesabu: kumi na saba. Kavitoa betri, kaweka kwenye tochi zake.

Nikamwachia dawa, nikaondoka bila kumweleza. Nilishindwa.

Jumamosi, 10 Februari

Tunaizika hewa. Baba anairudisha kwa bomba la moshi. Nilicheka peke yangu kama mwehu, halafu nikalia.

Jumatatu, 12 Februari

Nimemwambia Hlynur. Akafunga mlango. Kasema hakuna shamba lisilopoteza mbegu. Kasema mkaguzi wa wale wanaotulipa kuzika hewa anafika kesho: akiridhika, tuna mkataba wa miaka kumi, asiporidhika, tunafunga Ijumaa. Na shule je, nimeifikiria?

Kisha, kwa sauti ya chini: "Dagrún, mwambie mzee azichome haraka."

Nimemchukia. Nimejichukia zaidi, maana niliitikia.

Leo watoto wamekula maandazi ya krimu, kama kila mwaka. Langu sikulimaliza.

Jumanne, 13 Februari

Mkaguzi ni Tove, Mdenmarki, mpole. Kasoma ripoti zangu. Kasema hajawahi kuona kazi safi kama hii! Nilitamani ardhi ipasuke.

Saa tisa tukampeleka dukani — na nani yuko pale ananunua njegere? Baba! Leo ni siku ya nyama ya chumvi na njegere, watu wanakula mpaka kupasuka, na mgeni akila peke yake ni aibu ya kijiji kizima. Kamshika mkono: "Utakula wapi, bibie? Hotelini? Hoteli imefungwa mpaka Mei! Twende kwangu." Hlynur alikauka.

Basi tuko hapa. Naandika katika chumba changu cha zamani, nimewaambia natafuta soksi. Mlango uko wazi kidogo. Tove kashamaliza sahani ya tatu, kavua sweta, anasifu joto. Baba ana furaha. Tangu Mama afariki hajapata mtu wa kumsikiliza hivi. Nilikuwa na siku nne za kumweleza. Nimeogopa, basi. Uoga mtupu.

Mlango wa jiko umekwaruza. Anaongeza kuni.

Kiti kimesogezwa.

Tove anasoma namba kwa sauti, polepole, tarakimu moja moja. Naijua. Niliiandika Jumatano.

"Hizi?" Baba anacheka. "Za kina binti yangu hizi! Haziliwi na maji, haziozi — na hazizami, ndio uzuri wake! Dagrún! Njoo umweleze mgeni!"

Nimesema naja. Anaita tena.