Vidonge Kabla ya Kipimo

Iyula, Mbozi
14 Julai

Kaka yangu Zabron,

Pokea salamu za huku nyumbani. Sisi hatujambo, ila baridi imetubana na kahawa imeiva yote kwa mpigo. Natumaini wewe, wifi Fausta na watoto mu wazima hapo Tunduma. Najua utashangaa kupata barua na simu ninayo. Isome mpaka mwisho.

Mama anaendelea vizuri sana. Juzi alichuma kahawa mpaka mchana, na leo amefunga vifungo vya sweta lake mwenyewe.

Unakumbuka mwezi wa nne tulimpeleka hospitali kwa yale maungo yaliyovimba. Majibu ya damu yakarudi safi. Nilipokupigia simu ukasema mama haumwi, anataka tu watoto wamzunguke. Alikuwa kando yangu, akasikia. Tangu siku hiyo hakulalamika tena, hata alipokuwa akitambaa kwenda jikoni.

Nilishindwa kuvumilia. Mwezi wa sita nilirudi kwa daktari, nikamtajia vidonge alivyomeza mama kabla ya kipimo. Akauliza ni vidonge gani, na kwa siku ngapi. Akanieleza kwamba vidonge hivyo, prednisolone, hutuliza uvimbe upesi, hivyo damu ikipimwa dawa ikiwa bado inafanya kazi, mgonjwa anaweza kuonekana mzima. Aliyevitumia muda mrefu asiviache ghafla, alinionya, lakini mama alimeza siku nne tu na wiki nyingi zimepita, basi apimwe upya. Safari hii majibu yalikuwa juu mno. Ni baridi yabisi, na sasa ana dawa zake.

Kaka, vidonge vile nilimpa mimi. Vilibaki nilipougua pumu. Mama alikataa kubebwa mgongoni mbele za watu. Aliniambia, "Sekela, hospitalini nataka niingie kwa miguu yangu." Na kweli aliingia akitembea. Nawe uliposema anajisingizia, ukweli nilikuwa nao mdomoni, nikanyamaza. Niliogopa lawama zako, nikamwacha mama aitwe mwongo.

Yeye nimeshamwomba radhi. Akaniuliza kama nimekula. Wewe nisamehe, halafu uje umwone. Nadhani nawe atakuuliza hivyohivyo.

Wifi na watoto wasalimie sana. Mungu awalinde.

Mdogo wako,
Sekela